Mizigo ya Krismasi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya Krismasi kabla hatujatawanyika kwenda makwetu. Hatukusimama hapa kuhubiri. Kazi hiyo ni ya wachungaji na mapadri, nao wataifanya kwa wakati wake. Sisi twataka kusema juu ya mizigo.

Mizigo yenyewe mwaijua. Kila Desemba huonekana katika stesheni za mabasi mjini Nairobi: magodoro juu ya basi, mabati, sufuria, televisheni iliyofungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nauli imepanda, wakati mwingine maradufu, na mwenye mizigo asimama kando akipiga hesabu kimoyomoyo. Baadhi ya vitu hivyo vimenunuliwa kwa mshahara, na vingine kwa mkopo wa simu utakaodaiwa mwezi wa Januari, mwezi ule ule watoto warudipo shuleni, ambao vijana wetu wameupa jina la Njaanuari. Utani huo una ukweli kuliko hotuba nyingi, na pengine kuliko hii yetu.

Hatumcheki mtu huyo, kwa maana ni sisi wenyewe. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi, nasi tumelelewa kwa neno hilo. Aliyekaa mjini mwaka mzima huona haya kuingia uani kwa mama yake hana kitu, hali jirani ameshusha makochi. Walakini wahenga hao hao walisema pia: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno hili la pili twalisahau upesi sana tuingiapo dukani.

Wataalamu wa ng'ambo wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili walitoa habari za watu 22 wa jimbo la Illinois, Marekani, waliopata fedha nyingi katika bahati nasibu, wakawalinganisha na wengine 22 wasiopata. Waliopata hawakuonekana kuwapita wenzao kwa furaha kwa kiasi cha kutajika. Tena mambo madogo ya kila siku, kama kula chakula cha asubuhi au kuzungumza na rafiki, yaliwapendeza kidogo kuliko wale wengine. Mwaka 2002 Tim Kasser na Kennon Sheldon waliwauliza watu 117 jinsi Krismasi yao ilivyokwenda. Ambao siku zile zilijaa jamaa na ibada walikuwa na furaha zaidi. Ambao zilijaa kutumia fedha na kupokea zawadi walikuwa nayo kidogo.

Mzee wetu mmoja aliposikia habari hizi aliuliza Illinois yatuhusu nini, na tena watu 22 ni wangapi? Ana haki. Basi na turudi kwetu, Rarieda katika Siaya. Kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa nyumba maskini za huko pasipo sharti lolote, nyingine zikapata Sh. 25,200 na nyingine Sh. 95,200. Wataalamu Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuata nyumba hizo. Waliona kwamba watu walikula vizuri zaidi, na wengi waliondoa nyasi wakaezeka mabati. Fedha hazikuongeza matumizi ya pombe wala tumbaku, kama wasemaji wengi walivyotabiri. Nao waliopewa walikuwa na furaha zaidi. Twalisema hili wazi, kwa kuwa si haki kumwambia mtu anayenyeshewa ndani ya nyumba yake kwamba mali si kitu.

Lakini jambo la pili lilionekana huko huko. Majirani wasiopewa kitu waliridhika na maisha yao kidogo kuliko zamani, kadiri wenzao walivyopata. Hawakunyang'anywa chochote, paa lao lilikuwa lile lile la jana. Kilichobadilika ni paa la ng'ambo ya ua. Baada ya muda uchungu huo ulififia, na ile raha ya waliopewa nayo ikapungua, kila mtu akizoea alichokuwa nacho. Hapo ndipo tunapoiona Krismasi yetu. Bati lizuialo mvua lingali lazuia mvua hata macho yakilizoea. Bali kochi lililonunuliwa ili kumjibu jirani, kazi yake huisha mara jirani anunuapo kubwa zaidi.

Mwanachama wetu mmoja ametupa ruhusa tueleze habari zake, asitajwe jina. Alimpelekea mama yake televisheni wakati wa Krismasi. Jioni ile nyumba ilijaa vijana wa kijiji, na wazee, kwa kuwa hawakuweza kusikilizana, walihamisha viti vyao nje. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mwenzetu alirudi mjini, si kwa kupenda, bali kwa kuwa fedha zilikwisha na deni lilikuwa likimngoja. Mama alimsindikiza hadi barabarani, akamwuliza, "Mwanangu, tumezungumza saa ngapi?" Hakuwa na jibu. Mwezi wa Machi chama hiki kilichanga kwa ajili ya mazishi ya mama huyo, nasi wengine tulikwenda. Televisheni ilikuwa mahali pake, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na yafanya kazi vizuri sana.

Hatuombi mtu aende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, leso ya mama, koti la baba, hayo ni heshima, na yabaki. Twaomba mambo mawili tu. Kwanza, kila mwanachama atenge karo ya Januari kwa mweka hazina kabla Novemba haijaisha, wala asirudishiwe kabla ya shule kufunguliwa, hata akija kulia mlangoni. (Mweka hazina asema wako waliokwisha kulia.) Pili, tukodi basi moja la chama, liondoke pamoja nasi na kuturudisha baada ya siku nane kamili, wala si tatu. Nauli ikigawanywa hivyo hakuna atakayeshikwa bei stesheni, na siku nane zatosha kumaliza mazungumzo yaliyoanza mwaka juzi.

Daftari liko mlangoni kwa katibu. Mtakao kiti andikeni majina leo, na wazee waandikwe kwanza, maana viti vya nyuma vyarusha sana.