Jarida la Kumfaa Fundi wa Sauti

Leo nazungumza na wewe uliyefungua studio chumbani kwako: kompyuta, maikrofoni moja, magodoro ukutani, na hamu kubwa ya kujifunza.

Majarida ya kurekodi muziki ni mengi, ila mengine ni matangazo ya vifaa yaliyovikwa nguo ya makala. Utayatambua haraka, maana kila kifaa kinasifiwa na hakuna chenye kasoro. Hayo yaache.

Anza na Sound on Sound la Uingereza, lililoanza mwaka 1985. Makala zake nyingi za zamani zinasomwa bure kwenye intaneti, na tafadhali usizidharau. Programu ya mwaka 2005 imeshapitwa na wakati, lakini namna ya kutega maikrofoni mbele ya gitaa haijachakaa. Kwa mfano, ukiisogeza maikrofoni ya kawaida ya kuimbia karibu kabisa na mdomo, besi inaongezeka. Jarida zuri litakueleza kwa nini, na wakati gani hali hiyo itakufaa au itakuharibia wimbo.

Mwenye vifaa vichache namwelekeza zaidi kwa Tape Op la Marekani, lililoanzishwa na Larry Crane mwaka 1996. Limejaa mahojiano, mafundi wakisimulia walivyofanya kazi kwa walichokuwa nacho.

Kabla hujalipia chochote, chukua makala moja, ingia studio, jaribu ulichokisoma kwa sauti ya mwimbaji wako mwenyewe. Ukisikia tofauti, rudi usome nyingine.