Yale Mliyofagia Mmeyapeleka Wapi?

Neno letu la leo lapatikana katika Injili ya Luka, mlango wa 13, aya ya 6 hadi ya 9. Mtu mmoja alikuwa na mtini shambani mwake. Miaka mitatu alikuja kutafuta matunda, asipate hata moja, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akauombea mti ule mwaka mmoja tu. Na tuangalie aliahidi kufanya nini katika mwaka huo: kuulimia pande zote na kuutilia samadi. Hakuomba mti mwingine, wala hakuomba fedha.

Mfano huu tumeuhubiri mara nyingi tukifundisha habari za toba, na ndivyo ipasavyo. Lakini ile samadi tulikuwa tukiipita haraka, mpaka mama mmoja wa kanisa letu alipoturudisha kwake.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, baada ya ibada. Mama huyu ni mjane. Amekodi chumba hapa Moi's Bridge, na nyuma ya chumba kipo kipande cha ardhi, hatua kumi kwa sita hivi. Misimu miwili alikuwa amepanda sukuma wiki, ikatoka nyembamba na ya manjano. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba mwaka ule ukipita hivyo hivyo, atajenga vyumba vingine mahali pale. Mama akatuuliza:

"Mchungaji, yale majani mliyofagia jana mmeyapeleka wapi?"

"Tumeyachoma, mama."

"Yote?"

Ndiyo, yote. Kila Jumamosi vijana walifagia uwanja wa kanisa, wakakusanya majani, nyasi zilizofyekwa na mavi ya ng'ombe wapitao, wakatia moto. Na sisi tuliwasifu kwa usafi wao! Siku ile tuliona haya.

Ndugu zetu, sisi tunakaa katika nchi ya mahindi. Tangu siku ambazo mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa ajili ya daraja la mto Nzoia, watu wamelima mahindi hapa na kuyapeleka mbali. Maghala yetu ni makubwa. Lakini ingieni katika nyumba nyingi mwezi wa Februari, mtakuta ugali upo na mboga hakuna. Na mbolea ya duka si ya kila mtu. Mwaka wa 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000. Tena mbolea hiyo ikitiwa miaka mingi bila samadi, udongo huzidi kuwa na asidi. Wakati huo huo, baada ya mavuno, moshi wa mabua na maganda ya maharagwe hupanda kila upande.

Basi tulikwenda kujifunza kwa wakulima wanaojua. Karibu na Kitale kipo kituo cha Manor House, kilichoanza mwaka wa 1984 kuwafundisha watu kulima kwa kina na kutengeneza mboji, na maarifa hayo yameenea vijijini. Chagueni mahali penye kivuli, mlegeze udongo. Tandazeni mabua yaliyokatwa vipande vifupi. Juu yake wekeni majani mabichi. Yale maua ya manjano yanayofanana na alizeti, yaotayo kando ya barabara, majani yake yana rutuba nyingi sana na hayana bei. Kisha samadi, kisha jivu kidogo na udongo kidogo. Nyunyizieni maji kila tabaka, hata yale mliyooshea mboga. Rudieni mpaka lundo lifike kifuani, mlifunike kwa nyasi kavu. Magunzi ni magumu, huchelewa kuoza. Hayo pikieni, mlete jivu. Magugu yenye mbegu msiyatie, wala karatasi za plastiki. Na mabua ya jirani yaombeni kwanza, maana pengine ndiyo chakula cha ng'ombe wake.

Liko jambo moja lililotupendeza kuliko yote. Chomekeni fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoeni, muishike. Ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea ndani, ingawa nje hamwoni kitu. Ikiwa kavu, ongezeni maji. Baada ya wiki tatu pindueni lundo lote. Kwa miezi mitatu hivi mtapata udongo mweusi usio na harufu mbaya. Lundo la Januari huwa tayari mvua ndefu zikiwa zimeanza, mwezi wa Aprili.

Yule mama alifanya hivyo, na vijana wale wale wakambebea takataka za kanisa kwa mkokoteni. Tusiwadanganye: tuta la kwanza la sukuma wiki liliingiwa na vidukari, akapoteza karibu nusu. La pili, la managu na kunde, lilimpa mboga za nyumbani na za kuuza kidogo. Mwenye nyumba hajajenga. Hatusemi hatajenga, maana ardhi ni yake. Hata Bwana Yesu hakutuambia mtini ule ulikuwaje mwaka ulipokwisha.

Januari imefika tena. Uwanjani mwa kanisa liko lundo nyuma ya jiko, na fimbo imo. Mwenye shamba dogo asiye na samadi aje Jumamosi na gunia lake.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa tuliyoyachoma ambayo jirani yetu aliyahitaji. Utupe mvua kwa wakati wake, na mikono isiyoogopa samadi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.