Kabla ya Bastola, Kanuni

Msikilizaji mpenzi, wiki hii naomba tuzungumzie mchezo ambao wengi wetu huuona mara moja katika miaka minne, wakati wa Michezo ya Olimpiki, kisha tukausahau. Mchezo wenyewe ni ule wa kulenga shabaha kwa bastola. Nimeuchagua kwa sababu ipo picha moja ambayo tangu mwaka 2024 imezunguka katika simu za watu wengi, na kila inapofika vijiweni huzua ubishi.

Picha hiyo ni ya Mturuki Yusuf Dikeç. Ilipigwa mwezi Julai mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, ingawa mashindano ya shabaha yenyewe yalifanyika katika mji wa Châteauroux, kusini mwa Paris. Mzee huyu, aliyezaliwa mwaka 1973 na aliyepata kutumikia jandarma ya nchi yake, amesimama na fulana yake, miwani ya kawaida, na mkono wa kushoto ameutia mfukoni kama mtu anayesubiri basi. Mkono wa kulia umenyoosha bastola. Siku hiyo yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walijipatia medali ya fedha katika bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu za mchanganyiko. Waliowashinda walikuwa Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia.

Basi watu wakagawanyika. Wapo wanaosema: "Mnaona? Vifaa ni mbwembwe tu. Mwenye kipaji ni mwenye kipaji." Na wapo wanaosema kinyume chake, kwamba katika mchezo huu mwenye fedha ndiye mshindi, kwa kuwa bastola nzuri inajipigia yenyewe. Mimi nasema, pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wameiangalia bastola, hakuna aliyeuliza habari za kanuni.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mkono ule wa mfukoni haukuwa mbwembwe. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shabaha, ISSF, zinataka bastola ishikwe na kufyatuliwa kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili hauna kazi, na usipotulizwa mahali utaning'inia na kuuyumbisha mwili. Ndiyo maana walengaji wengi huutia mfukoni au huufunga kwenye mkanda. Na hiyo bastola aliyoishika haikuwa ya dukani kwa jumla. Ilikuwa bastola ya mashindano, iliyopimwa na waamuzi kabla ya yeye kukanyaga mstari. Miwani ilikuwa ya kawaida, lakini bastola haikuwa ya kawaida hata kidogo.

Sasa hebu tutazame, mwamuzi anapima nini?

Kwanza anapima umbo. Bastola ya upepo ya mita 10 lazima iingie yote katika kisanduku chenye urefu wa milimita 420, kimo cha milimita 200 na upana wa milimita 50. Uzito wake usizidi gramu 1,500. Kipenyo cha risasi yake ni milimita 4.5. Pili anapima kifyatulio, yaani kile kidude kinachovutwa kwa kidole cha shahada. Anakitundikia uzito wa gramu 500, sawa na nusu kilo ya sukari, huku mtutu umeelekezwa juu. Kifyatulio kikishindwa kuunyanyua uzito huo, yaani kikiachia mapema, bastola imekataliwa. Na usidhani ukishapita mlangoni umepona. Waamuzi huwaita watu tena baada ya kupiga, kwa bahati nasibu, na atakayekutwa kifyatulio chake kimelegezwa anafutwa katika mashindano.

Tatu, anatazama mpini. Mpini unaweza kuchongwa ufuate kiganja cha mwenyewe, lakini usipande kukumbatia kifundo cha mkono, kwa maana kifundo kikisaidiwa, mkono hautikisiki, na kutikisika ndiyo mtihani wenyewe. Hata saa ya mkononi au bangili haziruhusiwi katika mkono wa bastola zikiweza kuwa egemeo. Viatu navyo havitakiwi kufunika vifundo vya miguu. Darubini, vioo na taa za kulengea, vyote marufuku. Kinachokubaliwa ni vilengeo vya wazi, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mwenye macho mabovu avae miwani usoni, asiibandike kwenye bastola.

Kwa nini ukali wote huu? Kitovu cha shabaha hiyo, mahali pa pointi 10, kina upana wa milimita 11.5. Tazama ukucha wa kidole chako kidogo, kitovu hicho kinakaribia upana huo. Mlengaji anatakiwa akipige kutoka mita 10, mara 60, katika muda wa saa moja na robo, akiwa amesimama wima na mkono ameunyoosha. Kwa hiyo kila gramu inayopunguzwa kwenye kifyatulio na kila egemeo linaloongezwa ni pointi za kuiba. Kanuni zimewekwa ili yashindane macho, pumzi na moyo wa mtu, wala si mifuko.

Kutokana na hayo, msikilizaji, ushauri wa kwanza kwa kijana anayetaka kuingia katika mchezo huu ni mwepisi kuusema. Soma kanuni kwanza, chagua aina ya shindano, kisha ndiyo utafute bastola. Wengi hupita njia ya kinyume. Hununua chuma kinachowapendeza, halafu wanatafuta shindano litakalokipokea, na hawalipati. Bastola ya mita 25, kwa mfano, ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni ya baruti, ya milimita 5.6, kifyatulio chake kisipungue gramu 1,000, uzito wake usizidi gramu 1,400, na kisanduku chake ni kidogo zaidi, milimita 300 kwa 150 kwa 50. Aliyenunua ya upepo hawezi kuingia huko, na wa huko hawezi kuja huku.

Tena kuna shindano lililohama na kuwaacha wenye vifaa vyake wakishangaa. Bastola huru ya mita 50 ilikuwa na umbo la ajabu na mpini unaomeza kiganja, maana kanuni zake zilikuwa na uhuru mwingi. Baada ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 shindano hilo liliondolewa katika Olimpiki, na nafasi zikapewa mashindano ya timu za mchanganyiko za wanaume na wanawake. Bastola ambayo haina kazi nyingine ikabaki bila jukwaa lake kubwa. Mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza, shindano hili lina kesho?

Ushauri wa pili ni kwamba bastola ichaguliwe na kiganja, isichaguliwe na macho. Ishike, fumba macho, inyooshe mbele, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikikutwa kimekaa katikati ya kile cha nyuma, mpini unakufaa. Kikiwa kimeenda pembeni, utapigana na mpini huo maisha yako yote. Mipini hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na ipo ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Anayeanza na aazime bastola ya klabu kwa miezi kadhaa, ajue mkono wake unataka nini, kabla hajavunja akiba yake. Na akinunua ya upepo iliyokwisha kutumika, asisahau kusoma tarehe kwenye mtungi wa hewa. Mtungi una mwisho wa matumizi, na ukipitwa na wakati wa kulaumiwa ni mlengaji mwenyewe.

Naam, wapo watakaoniuliza, je, kanuni hizi haziwaonei watu? Ninawajibu kwa habari ya Károly Takács wa Hungaria. Huyu alikuwa mwanajeshi na mlengaji hodari. Mwaka 1938 guruneti lililipuka mkononi mwake, mkono wa kulia ukaharibika. Kanuni inasema mkono mmoja, haikusema mkono gani. Takács akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na katika Olimpiki ya London mwaka 1948 akatwaa medali ya dhahabu katika bastola ya kufyatua haraka ya mita 25. Mwaka 1952 akaitwaa tena mjini Helsinki. Kanuni ile ile iliyomnyima mkono wa pili ndiyo iliyomwachia mlango.

Lakini kanuni hizo hizo hazina mpendwa. Mwezi Mei mwaka 2024, Kim Ye-ji wa Korea Kusini aliweka rekodi ya dunia katika fainali ya bastola ya mita 25 kwa wanawake mjini Baku. Huko Ufaransa alikwisha kupata medali ya fedha katika bastola ya upepo, na dunia nzima ilikuwa inamtazama. Ikafika zamu ya mita 25. Katika hatua ya pili ya shindano hilo, mlengaji hushusha mkono, kisha anapewa sekunde 3 za kuunyanyua, kulenga na kufyatua risasi moja, halafu anasubiri sekunde 7 kabla ya nyingine. Mara moja tu, Kim hakufyatua ndani ya sekunde 3. Akaandikiwa sifuri. Hakuna aliyemwonea huruma kwa sababu ya rekodi yake, wala yeye hakuingia fainali. Bastola yake haikuwa na kasoro. Kilichomtoa kilikuwa sekunde.

Ipo pia shabaha ya aina nyingine, ile ya kukimbia na kupiga, inayosimamiwa na shirikisho la IPSC, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1976. Huko mikono miwili inaruhusiwa, na bastola hukaa katika ala kiunoni. Washindani hugawanywa kwa madaraja kulingana na vifaa vyao, ili mwenye bastola ya kawaida asipambanishwe na mwenye bastola iliyofungwa kilengeo cha taa. Hata nguvu ya risasi hupimwa. Uzito wa risasi kwa greni huzidishwa kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Risasi ya greni 124 ikienda futi 1,050 kwa sekunde inapata 130.2, nayo imevuka kiwango cha chini cha 125. Ikianguka chini ya hapo, pointi zote za mashindano zinapotea. Na anayegeuza mtutu nje ya pembe ya usalama, anayeangusha bastola yenye risasi, au anayetembea kidole kikiwa kwenye kifyatulio, anaondolewa papo hapo, awe bingwa au mgeni.

Hapo ndipo ninapotaka kukomea, maana ndiko ulipo uzito wa maneno yangu ya leo. Bastola si mpira wala raketi. Mpira ukitumiwa vibaya unavunja kioo. Tarehe 13 Machi mwaka 1996, katika shule ya msingi ya Dunblane huko Uskochi, mtu mmoja aliyekuwa na leseni, na bastola alizozimiliki kihalali, aliua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ilipiga marufuku umilikaji wa bastola karibu zote, hata zile ndogo za milimita 5.6 za mashindano. Walengaji wake wakalazimika kwenda kufanya mazoezi nchi za nje. Walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa wao hawakuua mtu. Lakini nani angesimama mbele ya wazazi wale akawaambia kwamba medali ina thamani kuliko hofu yao?

Kwa hiyo kijana aliyevutiwa na picha ya mzee wa Kituruki, nakuomba ukumbuke mambo haya. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wenzetu wa Kenya wanayo Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kabla ya kununua chochote, hata kama muuzaji atakuambia ni ya upepo tu, nenda kaulize polisi. Risasi ya upepo nayo inatoboa jicho. Kisha tafuta mwalimu na uwanja unaotambuliwa. Mlengaji wa kweli utamjua kabla hajapiga hata risasi moja. Bastola yake haina risasi mpaka amri itolewe, uzi wa rangi kali umepitishwa ndani ya mtutu watu wote wauone, mtutu unatazama shabaha, na kidole kiko nje. Mwamuzi akisema simama, anasimama, hata kama alikuwa amebakiza pumzi moja apate pointi 10.

Asiyeweza kusimama anapoambiwa simama, huyo mchezo huu si wake, hata akinunua bastola ya bei gani. Chuma bila kanuni ni silaha tu, na silaha tunazo za kutosha mijini mwetu.