Rada Huona Mafuriko Hata Mawingu Yakitanda



Mto Tana unapovunja kingo zake, mara nyingi anga huwa imejaa mawingu. Picha za kawaida za setilaiti huonyesha mawingu hayo tu. Hapo ndipo rada husaidia.

Setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1, ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ilirushwa Aprili 2014. Hutuma mawimbi ya maikrowevu yenye urefu wa takriban sentimita 5.5, kisha hupokea yanayorudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu wala hayahitaji jua, kwa hivyo hufanya kazi usiku na mchana.

Maji yaliyotulia huakisi mawimbi kwenda upande mwingine, kama kioo, nayo huonekana meusi pichani. Ardhi kavu na mimea hurudisha sehemu ya mawimbi, hivyo huonekana kwa mwangaza zaidi. Wataalamu hulinganisha picha za kabla na baada ya mvua, wakatambua mashamba yaliyofunikwa na maji.

Hata hivyo, setilaiti moja hurudia njia ile ile kila baada ya siku 12. Maji yaliyo chini ya miti au kati ya nyumba huweza kufichika. Tena picha huonyesha maji yalipofika, si yatakapofika kesho.

Kwa hivyo, asiwepo wa kungoja ramani. Tahadhari ikitolewa, wanaoishi kando ya mto wahamie nyanda za juu. Na maji yakianza kupanda, chifu aarifiwe mara moja, kwani setilaiti huenda bado haijapita.