Barua za Vitani si Takataka

Juma lililopita tulimaliza arobaini ya mzee mmoja, jirani yangu, aliyepigana Vita vya Kagera. Uani niliwakuta vijana wakisafisha chumba chake. Juu ya rundo la takataka lilikuwapo kopo la biskuti, limejaa barua alizomwandikia mkewe mwaka 1979 akiwa Uganda. Kiberiti kilikuwa tayari.

Kwa idhini ya mjane nilisoma moja. Haikutaja mizinga. Iliuliza kama paa limeezekwa na kama mtoto ameacha kukohoa.

Vitabu hutueleza kwamba majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera Oktoba 1978, na kwamba Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Usiku askari aliwaza nini? Hilo liko kwenye barua, na walioziandika sasa ni wazee.

Basi ukizikuta, usizichome. Usizibandike selotepu. Ziweke pakavu, mbali na jua na mchwa, pamoja na bahasha zake, maana mhuri huonyesha tarehe. Kwenye karatasi nyingine andika nani alimwandikia nani. Familia ikikubaliana, bakini na nakala. Zenyewe zipelekeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Mjane aliniuliza, "Mwanangu, huko watazisoma watu wasionijua?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza. Kisha akachomoa moja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Hizo pelekeni. Hii siitoi."