Mlangoni pa Hekalu la Puri

Tukiwa safarini kikazi nchini India, tulifika Puri, mji wa hija wa Wahindu ulio kando ya Ghuba ya Bengal. Hekalu la Jagannath, la karne ya 12, haliingiwi na wasio Wahindu. Nasi tuliliheshimu agizo hilo. Chakula kitolewacho sadaka humo huliwa pamoja bila kujali tabaka. Walakini wale walioitwa “wasioguswa” walizuiwa mlangoni; na mwaka 1934 Mahatma Gandhi alianzia Puri matembezi ya miguu kuupinga ubaguzi huo.

Basi sisi tushirikio meza moja ya Bwana tujiulize: je, baada ya Misa twaketi pia na maskini, na mgeni, na mtu wa kabila jingine?