Kuwakumbuka Askari na Wapagazi wa Vita Kuu

(Maneno kwa watu wa Handeni na Korogwe)



Nataka kusema juu ya watu waliopita katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya kwanza, wasirudi makwao.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliufuata mto Pangani yakatwaa Korogwe, kisha Handeni; na tarehe 24 yakapigana na Wadachi kwenye mto Lukigura. Reli kubwa ya Tanga ilipita Korogwe kwenda Moshi, haikufika Handeni. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Basi chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu, kwa Waingereza na kwa Wadachi vilevile. Hao ndio wapagazi; na waliouawa na kuhara damu, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Askari alipata sanamu yake ya shaba, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Huko Nairobi mpagazi naye alisimamishwa pamoja na askari. Lakini wapagazi wengi hawana jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Nasi kila tarehe 25 Julai twaadhimisha Siku ya Mashujaa. Na huko Kaboya, mkoani Kagera, askari waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 wana makaburi yao. Hiyo ni heshima njema. Je, babu zetu waliochukua mizigo wasipate hata mstari mmoja?

Jambo lenyewe si la fedha nyingi. Kila mwalimu awaulize wazee wa kijiji, aandike jina la aliyekwenda, mahali alikotoka, upande aliotumikia, na kama alirudi. Asibague wa Wadachi na wa Waingereza, maana wote walikuwa watoto wa nchi hii. Daftari liwekwe shuleni, na majina yasomwe siku ya Mashujaa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu je?